Msitu wa Pili

Miti yote hii nimeipima kifuani,
mita moja na sentimita thelathini kutoka chini.
Hapo ndipo wataalamu wa dunia walipoafikiana
kwamba mti una kifua.
Saturnino Mishaja huzungusha utepe, huita namba,
nami huandika kwa penseli,
maana wino, hapa Tambopata, mvua huuosha.

Miaka ishirini na sita.
Nilianza nikiwa na magoti mazuri.

Niliyemkuta kazini aliniambia siku ya kwanza:
Nelida, hatuuzi mti, mti una wenyewe.
Hatuuzi hewa, hewa haina mwenyewe.
Tunauza kile ambacho hakikutokea.
Nikacheka. Nilidhani ni utani wa maabara.

Sasa nakwambia wewe, Yadira, utakayeshika utepe:
misitu ipo miwili.
Huu una matope, una sisimizi wakali,
una matunda ya kastanya, magumu kama vifuu,
yanayodondoka Januari bila kuuliza nani yuko chini,
ndiyo sababu tunavaa kofia ngumu
kama wajenzi waliopotelewa na jengo.
Wa pili umo ndani ya kompyuta.
Humo hatukufika kamwe.
Humo barabara ilipita, msumeno ukafuata,
wachimba dhahabu wakamwaga zebaki mtoni,
na kila mwezi wa Machi, kwa vidole hivi,
mimi niliukata, hekta baada ya hekta,
ili tofauti ya huu na ule iwe tani,
tani iwe cheti,
cheti kinunuliwe na kampuni ya ndege,
si ndege hawa wenye manyoya,
hawa hawajawahi kuombwa cheti.

Kaka yangu Wilber husema:
mimi nilikata ishirini nikalala rumande,
wewe umekata malaki, unangoja pensheni.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila mali, je?
Swali hilo sikuulizwa na mkaguzi yeyote.

Mwaka mmoja ofisi ya mjini ilipiga simu:
msitu wako wa pili unakufa polepole mno.
Ongeza kidogo.
Nikaongeza. Asilimia mbili.
Asilimia mbili zikawa bati la shule,
na madawati, na mwalimu aliyekubali kubaki.
Nimekaa chini ya bati lile mvua ikipiga,
watoto wanapaza sauti ili wasikike,
nikawa nasikia miti ambayo haikuwahi kuwepo
ikianguka juu ya paa.

Baada ya miaka mitatu nilirekebisha hesabu.
Fedha zikapungua. Mwalimu akaondoka.
Saturnino hakunisemesha msimu mzima,
alizungusha utepe akanionyesha namba kwa vidole.
Sijui mpaka leo ni lini nilikosea zaidi.
Ukijua, usiniambie kwa barua. Njoo.

Kuna jambo moja la kazi sijakuonyesha.
Mti namba mia nne kumi na saba, karibu na kijito,
umemeza kibati chake.
Nilikigongomelea mwenyewe, msumari wa alumini,
gome likaja taratibu kama mdomo wa mtu anayefikiri,
likafunika nne, likafunika moja, likafunika saba.
Fomu inataka namba.
Saturnino aliweka kiganja pale palipovimba,
akasema neno lake la kwanza tangu mvua zianze:
Andika upo.

Nikaandika upo.
Mkaguzi atalalamika, mwache.

Betri zimo ndani ya kopo la maziwa, pamoja na mchele,
unyevu usizifikie. Mchele huo usiupike.
Na ukifika kwenye mteremko wa tatu, shika mzizi wa kushoto.
Wa kulia umeoza tangu mwaka jana,
ingawa kwenye daftari
bado ni mzima.